Mali Bila Daftari: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja ya Great Zimbabwe

Wafanyabiashara wa pwani yetu wana msemo ambao kila aliyekulia dukani ameusikia: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulinijia asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, nikiwa nimesimama chini ya ukuta wa mawe unaokaribia mita 11 kwenda juu, katika mji uliotajirika kwa dhahabu, pembe za ndovu na ng'ombe, na ambao kwa ushahidi wote uliopo haukuwahi kuwa na daftari hata moja. Tathmini hii inahusu huduma niliyoilipia ili nifike hapo, yaani ziara ya siku moja ya Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, iliyoandaliwa na kampuni ya utalii ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyasema si ya kuisifu. Ninawaandikia Waswahili wenzangu, hasa walimu, wanaofikiria kufanya safari kama hii, na nitaipima ziara kwa swali moja tu: je, inamsaidia mgeni kuelewa jinsi ustaarabu unavyoweza kufanikiwa bila maandishi?

Swali hilo lina historia kwangu. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi, na miaka michache iliyopita mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza, "Mwalimu, kama hawakuandika chochote, tunajuaje kwamba walikuwa wastaarabu?" Nilimjibu kwa kumsomea aya mbili za kitabu cha kiada, yaani sikumjibu. Baadaye nilitambua kwamba lugha yetu yenyewe ndiyo iliyomwelekeza kuuliza hivyo. Neno ustaarabu limejengwa juu ya jina la Waarabu, na kwa watu wa pwani, kwa karne nyingi, kustaarabika kulikwenda pamoja na kukaa chuoni, kuzijua herufi na kuweza kusoma. Aliyelelewa ndani ya neno hilo huuona mji usio na herufi kama nyumba isiyoezekwa.

Magofu yako takriban kilomita 30 kutoka mji wa Masvingo. Kifurushi tulichonunua mimi na mwalimu mwenzangu wa jiografia kilijumuisha basi dogo la kutuchukua hotelini, kiingilio, mwongoza watalii, chakula cha mchana na kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Dereva alifika kwa wakati, gari lilikuwa safi, na chakula, sadza na nyama ya ng'ombe ya mchuzi, kilikuwa cha kushibisha. Aliyezoea ugali hatahitaji kufundishwa namna ya kukila. Atakayekwenda abebe dola za Kimarekani za noti ndogo ndogo, kwa sababu chenji ni ya shida. Kwa upande wa usafiri na chakula sina lalamiko lolote.

Mwongoza watalii wetu alikuwa mzee wa Kikaranga, mmoja wa Washona wa huko, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Dereva alitushauri tumwite Sekuru, kama sisi tunavyomwita mtu wa umri wake Babu, naye alitupokea kwa salamu ndefu kabla ya kusema lolote kuhusu mawe. Alipojitambulisha alisema yeye ni wa Moyo. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kwamba kila mtu wa jamii yake ana mutupo, yaani ishara ya ukoo anayoirithi kwa baba, kwamba ya kwake ni moyo, na kwamba kwa sababu hiyo haruhusiwi kuula moyo wa mnyama yeyote. Kisha, akiwa amesimama palepale karibu na maegesho, alighani sifa za ukoo wake kwa pumzi chache tu, kizazi kikimpokea kizazi, bila kusita hata mara moja. Mwenzangu alimwuliza alijifunzia wapi. "Kwa baba yangu, tukichunga," alisema. "Nikikosea jina, ananirudisha mwanzo."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo kitabu changu cha kiada hakikuligusa. Sisi tuliozoea karatasi hudhani kwamba kisichoandikwa kimeachwa kijiendee, kila mtu akikumbuka apendavyo. Nilichokisikia pale kilikuwa na mwalimu, mwanafunzi, adhabu ya kurudia na mashahidi wengi wanaojua sifa zilezile na watakaomkatiza atakayezipotosha. Sifa hizo huamua nani anaweza kumwoa nani, nani ni ndugu wa nani katika kijiji cha mbali, na nani ana haki ya kuzungumza msibani. Watu wanaweza kuendesha mambo mengi sana kwa njia hiyo. Jina lenyewe la mahali lilitufikia bila mkalimani: dzimba dza mabwe, nyumba za mawe, na sikio la Mswahili linaitambua nyumba, na linayatambua mawe, kabla Sekuru hajatafsiri.

Tulianza na kilima, kama mita 80 juu ya bonde, kwa ile inayoitwa njia ya kale. Ninaisifu kampuni kwa kuichagua njia hiyo badala ya ile iliyo rahisi zaidi. Mahali pengine njia inabana kati ya miamba mpaka watu wanapita mmoja mmoja, na mgeni anaelewa mwilini mwake, bila kuhutubiwa, jinsi aliyejenga hapa alivyomdhibiti kila aliyepanda kumwona mtawala. Ukuta umeunganishwa na majabali makubwa ya asili kwa namna ambayo mara nyingine nililazimika kugusa ili nijue jabali limeishia wapi na kazi ya mikono imeanzia wapi. Hakuna chokaa wala saruji. Ni jiwe juu ya jiwe. Huko juu kuna pango ambalo, kwa maelezo ya Sekuru, mtu akisema ndani yake sauti hufika mpaka kwenye ua mkubwa bondeni, na inasimuliwa kwamba watawala walilitumia kuita na kuamuru. Niliomba mwenzangu ateremke tujaribu. Hapo ndipo dereva alipopiga simu kukumbusha kwamba chakula cha mchana kimepangwa saa sita na nusu, nasi tukaambiwa tuteremke wote. Mji ambao amri zake zilisafiri kwa sauti haueleweki kwa mgeni aliyenyimwa dakika kumi za kuisikiliza sauti hiyo. Kosa hilo ni la ratiba ya kampuni, wala Sekuru hakuwa na namna.

Ule ua mkubwa ndio watu wengi wanaoujua kwa picha. Ukuta wake wa nje una mzunguko wa karibu mita 250, na mahali pengine una unene wa mita tano au zaidi. Sekuru hakuanza kwa takwimu. Alitupeleka kwenye sehemu ambayo mistari ya mawe imepinda, mawe makubwa kwa madogo, kisha akatutembeza polepole, mkono wake ukiwa ukutani, mpaka tulipofika mahali ambapo mistari imelala sawasawa kama matofali na juu yake imezungushwa nakshi ya meno ya msumeno. Alisema waliojenga hapa walikuwa tayari wamejifunza kutoka kwa waliojenga pale. Graniti ya huko hubanduka yenyewe katika mapande bapa kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na mafundi waliharakisha kazi hiyo kwa moto na maji. Lakini kuchagua, kuchonga na kupanga mawe mamia ya maelfu mpaka ukuta usimame zaidi ya miaka 600 ni elimu, na elimu hiyo ilipita kutoka kwa fundi kwenda kwa fundi bila mchoro wowote tunaoujua.

Mji huu ulijengwa na kupanuliwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Makadirio ya idadi ya wakazi wake hutofautiana, kutoka chini ya 10,000 mpaka 18,000. Hata tukichukua makadirio ya chini, watu hao walihitaji nafaka, kuni, maji, ulinzi, ng'ombe wa kuchinja, watu wa kusuluhisha magomvi, na mtu wa kujua ni kijiji gani kimeleta kodi na kipi hakijaleta. Mnara wa duara unaopungua kuelekea juu, uliomo ndani ya ua, una karibu mita 10 na umejaa mawe matupu ndani. Waliochimba chini yake wakitafuta hazina hawakukuta chumba. Maelezo yanayokubalika na wengi, na ambayo Sekuru aliyatoa, ni kwamba unaigiza umbo la kihenge cha nafaka, ishara ya mtawala anayepokea mavuno na anayelisha watu njaa ikija. Nilimwuliza kama walikuwa na namna ya kuhesabu, kama Wainka wa Andes waliotumia nyuzi zenye mafundo. Alisema hajui, akaendelea na lingine. Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko kama angelibuni kitu cha kunifurahisha.

Kuna usemi ambao nimeusikia kwa wageni wengi wenye nia njema, kwamba kuta hizi ndizo vitabu vya waliozijenga. Siukubali. Ukuta unaweza kunionyesha kwamba fundi alikuwa hodari, lakini hauwezi kuniambia jina lake, wala alichokiogopa, wala kwa nini mji ulihamwa. Hakuna jina la mfalme hata mmoja wa enzi ya ustawi wa Great Zimbabwe tunaloweza kulitaja kwa uhakika. Linganisha na kwetu. Katika magofu haya ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyetawala katika miaka ya mwanzo ya karne ya 14. Ni kipande kidogo, na Kiarabu kilichochorwa juu yake kina vina: upande mmoja unasema anamtumaini Mwenye neema, upande wa pili unataja jina la mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyenunua dhahabu tunamjua kwa jina na kwa jina la baba yake, na aliyeiuza hatumjui kabisa. Niliposimama bondeni nikiwaza hayo nilipata uchungu ambao sikuutarajia, kwa sababu utajiri wa Kilwa, pamoja na jumba la Husuni Kubwa ninalowapeleka wanafunzi wangu kuliona, ulitegemea kwa sehemu kubwa jasho la watu wa bara waliofikisha dhahabu katika bandari ya Sofala.

Hata hivyo kutokuandika hakukuuzuia mji kusitawi. Biashara yake ilifika mbali: vyombo vya kauri kutoka China, vyombo vya Uajemi na shanga za kioo vimechimbuliwa hapo. Wenyeji walikuwa na mawasiliano, angalau kwa kupitia wengine, na watu wa pwani waliojua herufi, na inaelekea hawakuona haja ya kuzichukua. Mimi nasoma hapo uamuzi wa watu ambao njia zao ziliwatosha. Mahali hapa palipoachwa, kati ya karne ya 15 na ya 16, sababu zinazotajwa na wataalamu ni uchovu wa ardhi na malisho, upungufu wa kuni, na njia za biashara kuhama. Masimulizi ya mdomo yanasema Nyatsimba Mutota alikwenda kaskazini kutafuta chumvi, akaanzisha utawala wa Mutapa. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo ambayo ingetibiwa na daftari. Kilwa ilikuwa na madaftari, na msafiri Ibn Battuta aliyeitembelea mwaka 1331 aliisifu kwa maandishi, lakini mwaka 1505 Wareno waliipora kana kwamba haikuwahi kuandika neno.

Gharama ya kutokuandika ilikuja baadaye, na hapa ndipo ninapofika kwenye kijitabu cha kampuni, ambacho ndicho kasoro kubwa ya huduma hii. Ukurasa wake wa pili unaliita Great Zimbabwe "fumbo lisilotatuliwa" na unamtaja Malkia wa Sheba kama mmoja wa wanaodhaniwa kuwa wajenzi. Nilikisoma ndani ya basi asubuhi, kabla ya kukutana na Sekuru, na nikafunga macho kwa hasira. Fumbo hilo lilitatuliwa kitambo. Karl Mauch, Mjerumani aliyefika hapo mwaka 1871, alikata kipande cha boriti ya juu ya mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana, na kwa hoja hiyo akaamua kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba mjenzi ni Malkia wa Sheba. Mti ule ulikuwa wa Afrika. Baada yake Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza magofu kuanzia mwaka 1902, aliondoa tabaka nzima za udongo akiziona kuwa uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wageni, na hivyo akatupa ushahidi ambao hautapatikana tena. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kwamba wajenzi ni Waafrika, na mwanaakiolojia mwenzake Gertrude Caton-Thompson akathibitisha kwa uchimbaji wake wa mwaka 1929. Bado serikali ya Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa chini ya walowezi, iliendelea kuwabana waliosema hivyo, mpaka Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale, akaondoka nchini mwaka 1970.

Kabla yao wote, katika karne ya 16, mwanahistoria Mreno João de Barros aliandika, kwa habari alizozipata kwa wengine, kwamba juu ya mlango wa ngome hiyo kulikuwa na maandishi ambayo hata Waislamu wasomi hawakuweza kuyasoma. Maandishi hayo hayajawahi kupatikana. Nilimwonyesha Sekuru kijitabu na kumweleza habari ya Barros, naye akaangalia juu, kwenye nakshi ya meno ya msumeno, akasema labda aliyesimulia aliona ile. Kisha akanirudishia kijitabu bila kukifungua. Nilimwuliza kama huwa anawaambia wenye kampuni. "Mwalimu, mimi nasema kila siku," alijibu. "Wageni husikia mimi mara moja, halafu hurudi kwao na karatasi."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo ya kilichoupata mji huu. Uliishi vizuri bila karatasi kwa karne nyingi, na ulipokwisha kuwa magofu ukawa mikononi mwa watu wenye karatasi, ambao neno lao lilihifadhiwa, likanakiliwa na kufundishwa, wakati neno la wazee waliokuwa wakiishi kando ya kuta hizo halikuandikwa na mtu yeyote aliyelijali. Maandishi yenyewe hayakuwa mlinzi wa ukweli. Hata tarehe yetu ya Kilwa, yaani kumbukumbu ya historia ya mji huo, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, ina habari za wana wa mfalme wa Shirazi ambazo wanahistoria wanaendelea kuzijadili. Lakini aliyeandika ana nafasi ya kujibu, na mzee aliyerudishwa mwanzo na baba yake kila alipokosea jina hakupewa nafasi hiyo katika kurasa kumi na mbili.

Jumba la makumbusho lililo hapohapo tulilipitia mwishoni, na ninamsihi kila mgeni asilipite haraka kama tulivyolazimika sisi. Ndani yake wamo ndege waliochongwa kwa jiwe la sabuni, ambao mfano wao uko kwenye bendera ya Zimbabwe. Niliinama karibu na mmoja ambaye mamba anapanda kwenye nguzo yake. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba ana midomo ya binadamu, wala hana mdomo wa ndege, na miguu yake ina vidole badala ya kucha. Mmoja wa ndege hao alichukuliwa na Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, akawekwa katika nyumba yake Cape Town. Tulipewa dakika ishirini, nami nilitumia kumi na tano kwa ndege huyo mmoja.

Kwa usafiri, chakula na uteuzi wa njia, kampuni ninaipa nyota nne kati ya tano. Kwa Sekuru ninatoa tano, na ningetoa zaidi kama zingekuwepo. Kwa kijitabu ninatoa moja. Anayekwenda na wanafunzi aombe siku nzima badala ya ratiba ya muda wa saa nne tu, apande kilimani mapema kabla jua halijawa kali, aweke kando dakika za pangoni, na amwombe mwongozaji aghani sifa za ukoo wake hata kama hazimo kwenye ratiba. Alipe bahashishi vizuri. Kijitabu kigawiwe baada ya ziara, kisisomwe kabla.

Niliporudi Lindi niliwaandikia wenye kampuni barua ya ukurasa mmoja na nusu, nikataja miaka na majina, na nikapendekeza kwamba ukurasa wa pili uandikwe upya kwa maneno ya mzee wao, akitajwa kwa jina kama atakubali. Wamejibu kwamba wataliangalia watakapochapa toleo jingine. Yule mwanafunzi wa kidato cha kwanza sasa yuko kidato cha nne. Nimemsomea barua hiyo, naye akaniomba nimwandikie sifa za Moyo. Nilimwambia sikuzinakili, kwa sababu sikuombwa kuzichukua, na kwamba itabidi aende mwenyewe azisikilize.